Bwana Anataka Tukahamie Kijijini Ufaransa

Maswali ya wasomaji. Bi Mkubwa anajibu kutoka Mkunazini, Unguja.

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo. Mimi nina miaka 38, nakaa Jambiani, napika kwenye nyumba ya wageni. Huu ni mwaka wa nne nimeolewa na Muingereza wa miaka 61, mwalimu aliyestaafu mapema. Amesilimu na tunasikilizana. Ana nyumba ya mawe kijijini Ufaransa, upande wa Dordogne, aliinunua 2014 ikawa ya kwendea likizo. Sasa anataka tukaishi huko moja kwa moja, mimi na yeye na binti yangu wa miaka 11 niliyezaa na mume wa mwanzo. Yeye ana watoto wawili wakubwa Uingereza. Ananiambia nisiwe na khofu, Waingereza wamejaa huko, Kiingereza changu kitatosha, na siku za gulio nitauza sambusa. Nasikia wewe uliwahi kuishi huko. Niambie kweli, Bi Mkubwa, nitaishi vipi?
Mpishi, Jambiani

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu mimi niliambiwa hayo hayo mwaka 2011, karibu kwa maneno hayo hayo. Niliishi kijiji kimoja kusini ya Bergerac miaka kumi na moja. Marehemu mume wangu naye alikuwa Muingereza. Kwa hivyo sikwambii habari za kusikia.

Nianze na hilo la Kiingereza kutosha, kwani ndilo lililotugharimu. Nyumba nyingi za vijijini huko hazikuungwa na bomba la maji machafu la mji. Kila nyumba ina karo lake, kama sisi huku. Lakini karo la huko lina mkaguzi, na nyumba haiuzwi mpaka ripoti ya karo iwemo ndani ya bunda la karatasi, pamoja na ripoti ya mchwa na ya rangi yenye madini ya risasi. Tulipewa bunda hilo. Muuzaji Muingereza, dalali Muingereza, mazungumzo yote Kiingereza, isipokuwa ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa wazi kwamba karo halikufuata kanuni na kwamba mnunuzi ana mwaka mmoja wa kulitengeneza. Mume wangu akatia saini, na mimi nikatia chini yake. Mwaka uliofuata tulitoa zaidi ya euro 8,000 kufukua bustani na kutia karo jipya, pesa tulizoziweka za kuezekea paa. Hakuna aliyetudanganya. Sisi tu ndio hatukuweza kusoma.

Na Waingereza ni kweli wapo. Nenda Eymet siku ya Alhamisi, siku ya gulio, utasikia Kiingereza kila meza ya mkahawa. Ni watu wema, walinipokea vizuri sana, na chai yao wanaikirimu. Lakini nilichokiona kwa miaka kumi na moja ni hiki: waliojifungia wao kwa wao, siku ya raha hawana shida, siku ya dhiki wako peke yao. Nambari ya kuita gari la wagonjwa huko ni 15. Usiku mmoja mama mmoja wa Kiingereza, jirani wa mbali kidogo, aliyekaa pale miaka kumi na nne, alinigongea mlango na koti juu ya nguo ya kulalia. Mume wake ameanguka jikoni. Hakupiga 15 kwa sababu hakujua aseme nini. Nilipiga mimi, na Kifaransa changu kibovu kikatosha, na yule mzee akapona. Tangu usiku ule sikukosa hata siku moja kujifunza.

Mwalimu wangu alikuwa bibi wa nyumba ya pili, mjane, mfugaji wa mabata. Mwanzo alikuwa hanitazami. Nikadhani ni rangi yangu au ushungi wangu, nikaumia. Kumbe nilikuwa naingia duka la mkate na kusema moja kwa moja "mikate miwili," bila "bonjour." Huko "bonjour" ni kama hodi yetu. Ukiingia bila hodi umevunja mlango, hata kama umeshika pesa mkononi. Unaingia, unasema "bonjour" kwa aliye nyuma ya kaunta na kwa waliosimama kwenye foleni, ndipo unataka chako. Nilipoanza kufanya hivyo, wiki haikwisha yule bibi akanisubiri nje, na mfuko wa jozi, zile kokwa ngumu ambazo ukizipasua ndani zimekunjana kama ubongo. Dordogne ina mijozi kila pahala. Oktoba ile tulikaa meza yake ya jikoni, yeye anapasua kwa nyundo ndogo ya mbao, mimi natoa kiini kwa ncha ya kisu, na tunahesabu kwa sauti. Sabini kwao ni sitini na kumi. Themanini ni ishirini nne. Tisini ni ishirini nne na kumi. Vidole vilinigeuka vyeusi kwa yale maganda, na rangi haikutoka mpaka baada ya siku nyingi, ila hesabu zilikaa. Mimi nikampelekea mandazi ya iliki. Mpaka leo, mwanangu, ukiniuliza rafiki yangu Ufaransa ni nani, nitakutajia bibi wa mabata.

Sasa karatasi. Hapa nakuomba umkalishe bwana wako umuulize swali moja: kabla ya tarehe 31 Disemba 2020, alikuwa mkaazi wa Ufaransa au alikuwa mtu wa likizo? Kwa maelezo yako alikuwa wa likizo. Basi ajue kwamba yale mambo ya zamani hayapo. Mimi nilipokwenda 2011, Uingereza ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, Muingereza anahamia Ufaransa kama mtu wa Wete anavyohamia Chake, na mke wake anamfuata. Uingereza ilijitoa 2020. Waliokuwa wamekaa huko kihalali kabla ya mwaka ule kwisha walipewa kadi zao, wakabaki. Waingereza wengine wote, wakiwa na nyumba ama hawana, ruhusa yao bila viza ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Nyumba haikupi haki ya kuishi. Wabunge wa Ufaransa walijaribu kuwapitishia Waingereza wenye nyumba nafuu ya viza, na Januari 2024 Baraza la Katiba likaifuta.

Kwa hivyo yeye atahitaji viza ya kukaa muda mrefu, na wewe yako, na mtoto yake. Inayowafaa watu kama nyinyi ni ile ya mgeni mkaazi. Inaombwa kabla ya kuondoka, siyo mkishafika. Watataka kuona kipato kisichopungua kima cha chini cha mshahara cha huko, ambacho ni takriban euro 1,400 kwa mwezi mkononi, bima ya matibabu, pahala pa kuishi, na ahadi ya maandishi kwamba hutofanya kazi Ufaransa. Ahadi hiyo, mwanangu, ndiyo sambusa zako. Kwa viza ile huuzi sambusa gulioni, hupikii watu kwa malipo, hutii watu hina kwa malipo. Wewe umezoea kushika chako mwenyewe mkononi. Mkubaliane kabla, nawe utapewa nini kila mwezi na kitawekwa akaunti gani. Hilo siyo kukosa adabu kwa mume.

Cheti chako cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, wewe na mtoto, vitafsiriwe Kifaransa na mfasiri aliyeapishwa. Tena chukua nakala nyingi. Huko kila ofisi itakuuliza upya.

Ofisi ya kuipenda ni ya meya. Kila kijiji kina meya wake, hata kijiji cha watu mia mbili, na nchi nzima wanakaribia 35,000. Mfikirie kama sheha, ila sheha wetu huteuliwa na wao humchagua kwa kura kila miaka sita. Zamani Waingereza walipiga kura hizo na mamia yao walikuwa madiwani. Tangu kujitoa, hawapigi tena, na nimewaona watu wazima wakilia kwa hilo. Wewe siku ya kwanza nenda ukamsalimie meya na mwanao. Usisubiri uwe na shida.

Daktari: bwana wako hajafika umri wa pensheni ya serikali ya kwao, ambao ni 66 na unapanda kwenda 67. Angekuwa ameufikia, Uingereza ingemlipia matibabu kwa fomu wanayoiita S1, nawe ukafaidika kama mke. Kwa sasa mtaanza na bima ya kujilipia, na baada ya miezi mitatu ya ukaazi mnaweza kuomba kuingia kwenye mfumo wa nchi na kupata ile kadi ya kijani, Carte Vitale. Kumuona daktari wa kawaida ni euro 30, na serikali inarudisha 19 kama mmeshamsajili daktari wenu. Shida ni kumpata. Vijijini madaktari wazee wanastaafu na wapya hawaji. Andikisheni jina mapema.

Baridi sitaki kukutisha nayo, lakini huwezi kuijua kwa kuambiwa. Nyumba ya mawe inakaa baridi kama mtungi. Asubuhi ya Januari unaamka gizani saa moja, unaona pumzi yako mwenyewe ndani ya chumba. Unashuka na soksi mbili, unafungua mlango wa jiko la chuma, unachota majivu polepole yasiruke, unaweka vijiti vikavu, karatasi, juu yake gogo moja jembamba la mwaloni. Ukiweka gogo nene mwanzo, moto unakufa. Mimi niliyekulia na makumbi na seredani nilidhani moto naujua. Kuni zinanunuliwa majira ya joto, zikiwa zimekauka miaka miwili, na bomba la moshi linasafishwa kila mwaka na fundi mwenye cheti, kwani bima ya nyumba inakiuliza cheti kile. Tena kijijini hakuna daladala. Asiyeendesha gari hapati hata kitunguu.

Kuhusu binti yako. Skuli ni lazima, ni bure, na miaka 11 ataanza skuli ya kati. Watoto wanashika lugha haraka, wengine wanapewa masomo ya ziada ya Kifaransa, na chakula cha mchana cha skuli ni cha kukaa na kula kweli, mwanzo saladi, mwisho jibini. Lakini ujue hili kabla hujamkatia tiketi: kwa sheria ya Machi 2004, skuli za serikali haziruhusu ushungi kwa mwanafunzi, na tangu Septemba 2023 hata juba limekatazwa. Anauvua mlangoni. Mwari wako yuko kwenye umri ambao Jambiani ndio kwanza anaanza kujisikia mkubwa ndani ya mtandio wake. Mkae chini muongee, na yeye asemwe naye, asisemewe. Nje ya skuli atavaa. Mimi nilivaa ushungi wangu miaka yote, gulioni na ofisi ya meya. Kinachokatazwa barabarani ni kufunika uso.

Sasa hili lisome mara mbili. Bwana wako ana watoto wawili wa ndoa ya kwanza, na nyumba aliinunua kabla yako, kwa jina lake. Sheria ya Ufaransa, kama sheria yetu ya mirathi, haimwachii mtu agawe mali yake atakavyo. Sisi wasia hauvuki theluthi. Kwao inategemea idadi ya watoto: mwenye mmoja anaweza kuusia nusu, mwenye wawili theluthi, mwenye watatu na zaidi robo, na kilichobaki ni cha watoto. Akifa bila wasia na ana watoto wasiokuwa wako, wewe unapata robo ya mali. Huku kwetu, mume akiacha watoto, fungu la mke ni thumuni, kwa hivyo robo isikutie huzuni. Kinachotia huzuni ni kumiliki robo ya nyumba na wenzio wana robo tatu na wanataka kuuza.

Mume wangu alifariki Februari 2019. Siku ya tisa baada ya kuzika, bibi wa mabata alinishika mkono akaniendesha mpaka kwa notari, yule mwanasheria wa serikali anayeshika mambo yote ya nyumba na urithi huko. Ndipo nilipojua kwamba mjane ana haki ya kukaa ndani ya nyumba waliyokuwa wakiishi mwaka mzima bila kulipa, na kwamba akitaka haki ya kuishi humo maisha yake yote lazima aidai ndani ya mwaka huo, ikiwa mume hakumuondolea haki hiyo kwa wasia ulioandikwa mbele ya notari. Nilidai. Watoto wa marehemu walikuwa waungwana, lakini sikuishi kwa uungwana wao, niliishi kwa haki yangu. Tulikuja kuuza 2022, kwa ridhaa ya wote, nikarudi nyumbani.

Na mtoto wako, kwa sheria ile, si mrithi wa baba yake wa kambo. Akiachiwa kitu kwa wasia anakatwa kodi asilimia 60, kwa sababu wanamhesabu kama mtu baki. Mke halipi kodi ya urithi hata senti. Tangu Agosti 2015 mtu anaweza kuandika wasia kwamba mirathi yake ifuate sheria ya nchi ya uraia wake, na ya Waingereza inampa uhuru zaidi, lakini tangu Novemba 2021 Ufaransa imewapa watoto walionyimwa haki ya kudai fungu lao katika mali iliyoko huko. Mambo haya hayataki kukisiwa. Aende kwa notari kabla ya kuhama, na wewe ukae kiti cha pili, na mkalimani awepo.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia hivi: usikatae, wala usifunge mabegi. Omba viza ya muda mfupi, nenda naye Januari na Februari, siyo Julai. Julai kila pahala pazuri. Na tangu wiki hii tafuta wa kukufundisha Kifaransa. Watembeza watalii wa Mji Mkongwe wanaokijua si wachache, na wewe mpishi, utakuwa na cha kuwalipa. Bwana wako naye ajifunze. Mtu aliyenunua nyumba 2014 na bado anategemea Kiingereza, hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko baridi.

*

Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi mwalimu mstaafu. Nashangaa, Waingereza wana vijiji vyao vizuri. Wanafuata nini kwenye vijiji vya Wafaransa?
Mstaafu, Wete

Marahaba mwalimu. Wanafuata nyumba na jua. Vijana wa Kifaransa walihamia mijini, wakaacha nyumba za mawe za mababu zao zimefungwa, na bei ikawa ndogo. Muingereza akiuza nyumba ya kawaida kwao ananunua huko nyumba na bustani na bado ana akiba. Kisha zikaja ndege za bei nafuu mpaka Bergerac na Limoges. Tena sehemu ile si ngeni kwao: kuanzia karne ya 12, baada ya Eleanor, bibi aliyerithi nchi ile iliyoitwa Aquitaine, kuolewa na Henry aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza 1154, nchi ile ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Kiingereza, na haikuwatoka mpaka vita vya Castillon, 1453. Wakulima wa pale wanakijua kisa hicho vizuri, na walinisimulia zaidi ya mara moja.

*

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Mwanangu anakwenda kufanya kazi Ufaransa, mashambani. Naomba kujua saumu, kibla, na Mungu apishe mbali, maziko.
Mama, Mkoani

Waalaykum salaam dada yangu. Saumu inafuata majira. Mwaka 2016 Ramadhani iliingia Juni, na jua kwetu Dordogne lilikuwa likizama saa nne kasoro dakika kumi usiku, na alfajiri inaingia karibu saa kumi. Futari na daku vilikuwa karibu mlo mmoja. Mume wangu alikuwa akitembea bustanini saa tatu usiku, mwanga bado upo, anatazama saa. Miaka hii mfungo umeingia majira ya baridi, mchana mfupi, mwanao atafunga kwa wepesi, lakini ajilinde na baridi kwani mwili wenye njaa unaihisi zaidi.

Maziko, sheria yao inataka maiti azikwe ndani ya jeneza. Sanda inavishwa kama kawaida, kisha jeneza. Mimi hilo lilinichoma sana siku ile. Imamu aliyetoka mjini akanituliza kwamba hakuna dhambi kwa kilichowajibishwa, na yule bibi jirani, Mkatoliki, alisimama nyuma ya safu kwa adabu mpaka sala ikamalizika. Makaburi ya Waislamu yako katika baadhi tu ya miji, kwa hivyo mwanao amwachie mtu anayemwamini maandishi ya anachotaka.

Kibla ni rahisi. Hapa Unguja na Pemba tunaelekea kaskazini karibu sawasawa. Huko ataelekea mashariki, akishuka kidogo kusini. Kwangu ilikuwa kona ya dirisha la jikoni, lile la upande wa mabata.